Pua ya Baba na Tuta la Dania

Homa ilipomtoka Baba, ilimrudishia kila kitu isipokuwa pua. Miguu ilipata nguvu, kikohozi kikaisha, na ile sauti yake ya kuwaita ng'ombe kutoka ng'ambo ya kijito ikarudi vilevile, lakini harufu za dunia nzima zilikuwa zimefutika. Alipewa chai ya tangawizi akasema ni maji moto. Alichinjiwa jogoo akasema anatafuna kamba. Daktari mmoja wa Bungoma alimmulika puani kwa tochi, akatuambia kwamba mishipa ya kunusia imelala, huenda ikaamka na huenda isiamke, na kwamba tumnusishe vitu vyenye harufu kali asubuhi na jioni bila kuchoka. Baba alimshukuru, akarudi kwake Myanga, akaacha kula.

Hakususa. Alisahau tu, jinsi mtu anavyosahau kufunga lango. Mama alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma na hapakuwa na wa kumkumbusha. Jirani yake alinipigia simu akasema, "Mwalimu, kuja uone mzee wako. Shati ndiyo inamvaa, si yeye anavaa shati." Nilipofika nilikuta ametoboa matundu mawili mapya kwenye mkanda wake kwa msumari. Mezani palikuwa na sufuria ya maharagwe yaliyochacha, yenye povu, na nusu yake ilikuwa imeliwa. Alikuwa ameyala bila kujua. Niliogopa kuliko nilivyoogopa wakati wa homa yenyewe, nikamwambia afungashe nguo zake, tunakwenda Kitale.

Hapa lazima niseme jambo la mila. Kwetu mwanamume haendi kulala katika nyumba ya binti yake aliyeolewa. Ile ni nyumba ya mkwe, na mkwe huheshimiwa kwa mbali. Kwa miaka mingi Baba alikuwa amenisumbua kwa sababu sijaolewa. Kila Krismasi swali lilikuwa lile lile, na kila Krismasi nilikuwa nikitoka nje kwenda kuangalia kuku. Siku hiyo, tulipokuwa tukifunga mzigo wake, nilimwambia, "Baba, umeona? Kama ningekusikiza, leo ungelala wapi?" Alinitazama, akajikuna kidevu.

"Mungu anajua kupanga," akasema. "Rakini usizoee."

Nyumba yangu iko nje kidogo ya mji, upande ambao asubuhi unauona Mlima Elgon umejifunika wingu hadi kiunoni. Nyuma ya jikoni nina kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa darasa. Hapo ndipo ninapopanda majani ya kuungia chakula, yale yanayopenda baridi: dania, pasli, sowa yenye vijani vyembamba kama uzi ambayo familia za Kihindi za mjini hutia kwenye viazi, na nanaa niliyoifungia ndani ya madebe kwa sababu ukiiachia ardhi itakuhamisha wewe. Nilipokuwa msichana Myanga nilijaribu dania mara mbili. Joto la kwetu liliipandisha haraka. Kabla sijachuma mara ya pili ilikuwa imeshakimbilia maua, na majani yamebaki nyuzi. Kitale ndiko kulikonifundisha kwamba kuna mimea inayongojea baridi jinsi mingine inavyongojea jua. Mwezi wa saba, watu wakiwa wamejikunyata ndani ya masweta, ndipo dania hutulia ikanenepa. Mpaka leo jambo hilo hunishangaza. Mimi navaa soksi mbili, yenyewe inastawi.

Baba aliizunguka bustani hiyo mara moja, mikono nyuma.

"Na shamba iko wapi?" akauliza.

"Ndiyo hii, Baba."

"Hii ni ya sungura."

Sikukasirika sana. Yeye ni mtu wa mahindi. Alinisomesha kwa mahindi, akamzika Mama kwa mahindi, na kitu kisichoweza kujaa gunia hajawahi kukihesabu kuwa mazao.

Mbegu zangu huzinunua kwa mama mmoja Mhindi mwenye duka la nafaka na viungo mjini, ambaye familia yake imekaa Kitale tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Nilimweleza habari za Baba huku akinipimia dania kwenye gazeti. Akaacha kupima.

"Daktari amesema kweli," akaniambia. "Lakini wewe usichanganye. Kikombe moja, harufu moja. Na yeye afikirie hiyo kitu kwanza, halafu anuse. Pua imesahau, wewe unakumbusha."

"Na isiporudi?"

"Basi utakuwa umekaa na baba yako asubuhi na jioni. Hiyo pia ni mbaya?"

Kwa hiyo tukaanza. Kila asubuhi kabla sijaenda shuleni nilichuma majani yakiwa bado na umande, nikayafikicha, nikayatia kila moja katika kikombe chake na kukifunika kwa kisahani: dania, nanaa, sowa, na kitunguu saumu kilichopondwa. Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki barazani, koti limefungwa mpaka shingoni. Nilimwambia afumbe macho. Nilimwambia afikirie nanaa. Alisema anaifikiria. Nilifunua kikombe chini ya pua yake, naye akavuta pumzi kwa bidii, mabega yakainuka.

"Unasikia nini?"

"Hewa."

Vikombe vinne, hewa nne. Jioni hivyo hivyo. Mimi niliyekuwa nikifikicha, vidole vyangu vilinukia siku nzima hadi wanafunzi wangu wakawa wanauliza nimepika nini, na mwenye kuhitaji harufu hiyo haikumfikia hata chembe. Nilianza kuitazama pua kwa macho mengine. Kitu kidogo hivi, hakipumziki, hakishukuriwi, na kumbe ndicho kinachomfanya mtu ajue kwamba yuko nyumbani kwake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wangu hakungoja kupewa. Siku ya tatu nilirudi kutoka shuleni nikakuta kamba ya manila imevutwa kutoka ukingo mmoja wa bustani hadi mwingine. Mashimo yalikuwa yamechimbwa kwa vipimo vya mahindi, hatua nzima kati ya mstari na mstari, na ndani ya kila shimo aliweka mbegu mbili za dania juu ya kijiko cha mbolea ya kupandia, ile ya madukani. Alikuwa amemaliza pakiti yote. Mahali ambapo dania ingeota imebanana kama zulia, mzee alikuwa ametayarisha njia ya trekta.

Nina hasira za karibu, nakubali. Nilimfokea. Nilimwambia mbolea ile itaunguza mbegu zote, kwamba dania haitaki nafasi, inataka kushikana, kwamba kila mtu duniani anajua hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mtu wa kupalilia atapita wapi?" akauliza, na aliuliza kwa dhati.

Jumamosi tulianza upya. Tulizoa udongo wenye mbolea, tukaleta samadi iliyooza, tukalainisha tuta moja kwa mikono. Kisha nikatandika gunia, nikamwaga mbegu nilizonunua upya, nikachukua chupa tupu ya soda ili nizipasue kwa kuivingirisha polepole, kama tunavyofanya sote. Aliuliza kwa nini naziponda. Nikaokota moja, nikaipasua kwa ukucha, nikamwekea kiganjani. Ile tunayoiita mbegu ya dania si mbegu moja. Ni ganda la mviringo lenye mbegu mbili ndani yake, zimelaliana tumbo kwa tumbo.

Baba aliinama juu ya kiganja chake kwa muda mrefu.

"Mapacha," akasema kwa sauti ya chini.

Kwetu mapacha si watoto wa kuchezewa. Wakizaliwa, nyumba nzima hutulia, na kila kitu hufanywa kwa utaratibu wake. Aliiondoa chupa mkononi mwangu akaiweka kando. Asubuhi yote alikaa kwenye kibao akizipasua mbegu zile moja moja kwa kucha zake nene, na kila jozi akaizika pamoja, bega kwa bega, ili zisitupane. Nilitaka kumwambia kwamba hazijali. Lakini vidole vile, ambavyo nilivijua kwa kushika plau na kamba za ng'ombe, vilikuwa vikizifukia kwa uangalifu, nami nikaenda kumletea maji ya kunyunyizia. Nilimpenda sana saa hiyo.

Dania haina haraka. Mahindi ukiyapanda, wiki haiishi kabla hujaona ncha. Dania itakaa siku kumi, kumi na mbili, na baridi ikizidi itakaa zaidi, mpaka udhani umezika changarawe. Kila alfajiri Baba alitoka na koti lake, akachuchumaa kando ya tuta ndani ya ukungu, akatazama. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni nikichemsha maji. Alfajiri moja aliita.

"Mayi, kuja."

Mayi ni mama. Ndivyo baba wa kwetu wanavyowaita mabinti zao. Nilitoka na kijiko mkononi. Alikuwa amepiga magoti kwenye umande, suruali imelowa. Alinionyesha kwa kidole, bila kugusa, visokoto viwili vya kijani visivyozidi uzi, vimejikunja, migongo yao ikisukuma udongo. Vichwa bado vilikuwa chini. Karibu navyo vingine viwili. Na kule, vingine viwili. Tulikaa hapo hata maji yangu yakakauka jikoni.

"Nimepanda shamba miaka hiyo yote," akasema. "Nilikuwa naangalia shamba. Mmea moja, hivi, sijawahi kuangalia."

Ninapanda kila mwaka na kila mwaka hunishinda kueleza. Kitu kikavu umekipasua, umekizika kwenye baridi, na kinainuka chenyewe kikijua upande wa juu ni upi.

Siku chache baada ya hapo, asubuhi, juu ya kikombe cha pili, Baba hakusema hewa. Alisema, "Leo nimesikia kitu."

"Nini, Baba?"

"Hiyo nanaa. Mbali, rakini iko."

Jioni akaisikia dania. Kesho yake sowa. Nilikwenda mpaka dukani kumwambia yule mama Mhindi, akanishika mikono yote miwili juu ya mizani yake. Nilipika kama mtu mwenye sherehe: kuku, samaki wa kukaanga, viazi vya sowa, mchuzi niliomalizia kwa dania nyingi. Baba alikula, akasifu kila sahani. Aliondoka mezani akisema ameshiba na chakula ni kitamu sana. Kweli, sahani mara nyingi ilikuwa nusu, na mkanda wake ulibaki palepale kwenye tundu la msumari, lakini mtu mwenye furaha haangalii mikanda. Niliacha kumchunga. Sikumpigia simu tena mchana kumuuliza kama maziwa aliyokunywa yalikuwa mazima.

Wiki mbili zikapita hivyo. Siku moja shule ilifungwa mapema nikarudi nyumbani mchana. Nilipofungua lango nilisikia gesi. Sikuwa nimefika hata barazani. Nilikimbia. Baba alikuwa amesimama mbele ya jiko, sufuria ya chai juu yake, jiko limefunguliwa mpaka mwisho, naye anakwangua kijiti cha kiberiti. Nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi. Nilimpokonya kiberiti, nikafunga gesi, nikafungua madirisha yote, nikamvuta kwa mkono wa koti hadi nje bustanini.

Kiberiti chenyewe kilikuwa kimekaa ndani ya mfuko wa koti alilotoka nalo kwenye ukungu kila alfajiri. Kilikuwa kimelowa. Vijiti saba vilikuwa sakafuni, vichwa vimemomonyoka. Nimevihesabu mara nyingi tangu siku hiyo.

"Kuna nini?" akauliza.

"Gesi, Baba. Nyumba nzima imejaa gesi."

Alivuta pumzi, pale bustanini, katikati ya upepo. "Eeh," akasema. "Kweli. Sasa naisikia."

Nilimtazama. Niliinama nikang'oa nyasi ya kawaida pembeni mwa njia, nikaifikicha, nikamwambia afumbe macho. Akafumba. Nikamwekea chini ya pua.

"Nanaa hiyo," akasema. "Nzuri."

Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake. Nilimwita mwongo. Nilimwambia kwamba angekufa, kwamba ningerudi nikute nyumba haina paa, kwamba mimi ndiye ningekuwa wa kumpigia kila mtu simu. Nililia nikifoka. Hakujitetea. Alikaa juu ya debe tupu lililopinduliwa, akiangalia viatu vyake.

"Mtu akikaa kwa nyumba ya mwenyewe hasemi chakula haina radha," akasema mwishowe. "Hata kama ni mtoto wako. Wewe unaamka na baridi, unachuma, unapanga vikombe. Unaniangalia hivi. Ningekuambia hewa mpaka lini?"

Hasira ilinitoka yote mara moja, nikabaki mtupu. Nilikuwa nimemwangalia vipi? Nilijua. Nilikuwa nikimwangalia jinsi ninavyowaangalia wanafunzi ninaotaka wapite. Mzee alikuwa amefaulu mtihani wangu kwa kudanganya, kwa sababu hakutaka nishindwe mimi.

Alisema atarudi Myanga. Alisema yeye amekuwa mzigo, na kwamba kule hana jiko la gesi, ana kuni, kuni haziui mtu. Nilikumbuka yale maharagwe. Nilijua kwamba akienda, mkanda ule utapata tundu jingine, na jingine, hadi nitakapopigiwa simu ya mwisho. Nikatazama huku na huku nikitafuta la kumzuia, nikaliona tuta lake, majani yamefikia urefu wa kidole.

"Sawa," nikasema. "Lakini umepanda. Tangu lini wewe ukaacha shamba kabla ya kuvuna?"

Alilitazama tuta. Niliona amenaswa.

"Nitangoja hii tu," akasema.

Tuliwekeana sharti: kikiwa hewa, aseme hewa, na mimi nisikunje uso. Gesi hataigusa. Tukarudi kwenye vikombe. Hewa. Hewa. Nilijifunza kusema "Asante, Baba," na kufunika kikombe kama vile ameniambia jambo la maana. Siku zile alikula kidogo sana. Alitafuna huku akiangalia ukutani.

Jioni moja aliniuliza, "Hebu niambie inanuka aje, hiyo dania."

Nikafungua mdomo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nimesahihisha insha maelfu kwa kalamu nyekundu, nikiandika pembeni "fafanua". Nilisema inanuka kama limau. Hapana, si limau. Nilisema ina ubichi, kama nyasi iliyokatwa, lakini ina ukali. Kama sabuni? Nilinusa tena, nikanusa tena, harufu ikanijaa kichwa chote na neno halikuja. Baba alingoja kwa heshima. Mwishowe nilisema inanuka dania. Alicheka, cheko la kwanza tangu siku ya gesi. "Basi mimi na wewe tuko sawa," akasema.

Nililala nikiwaza juu ya hilo. Kitu ninachokijua kuliko nijuavyo njia ya kwenda shuleni, na siwezi kumpa mtu hata kipande chake kwa maneno. Kinaingia kwa mlango mmoja tu, na mlango huo kwa Baba ulikuwa umefungwa.

Asubuhi ya kuvuna ilikuwa na baridi ya kukaza vidole. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ua, mlima hauonekani, kila jani limebeba maji. Dania ya Baba ilikuwa imeshiba, pana, kijani cha kukolea. Sijawahi kuvuna nzuri zaidi. Mkoba wake ulikuwa tayari mlangoni. Nilimpa mgongo nikawa nachuma sowa, kwa sababu sikutaka aone uso wangu, na nyuma yangu nilimsikia aking'oa mashina, akikung'uta udongo, akifunga mafungu kwa nyuzi za mgomba. Kisha kukung'uta kukakoma.

"Mayi," akasema, "hapa kuna kunguni."

"Kunguni bustanini, Baba?"

"Nakwambia kuna kunguni. Uliweka kitanda ya zamani hapa?" Alinusa mkono wa koti lake. Akanusa kola. Akanusa kiganja, na uso wake wote ukakunjamana kuanzia paji hadi kidevu. "Ni hii," akasema. "Ni hii majani yako. Inanuka kunguni kabisa."

Nilisimama na sowa yangu mkononi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nilikuwa nimeshaumwa. Nikamwambia afumbe macho. Nikampa nanaa. Hewa. Nikampa sowa. Hewa. Nikampa nyasi. Hewa. Nikampa dania, naye akasukuma mkono wangu. Nikabadilisha mpangilio, nikaanza na dania, nikarudia, nikaificha nyuma ya nyasi. Kila ilipofika dania kichwa chake kilirudi nyuma.

"Toa hiyo," akasema. "Na hii ndiyo umekuwa ukinitilia kwa mchuzi?"

Hapo nikaamini. Mwongo mwenye adabu angesema nzuri. Hakuna mgeni yeyote, wa kwetu wala wa kwingine, anayemwambia mwenyeji wake kwamba mboga aliyoilea miaka yote inanuka mdudu wa kitandani. Nikaipeleka dania puani mwangu, na kwa kweli, chini kabisa, chini ya ule ubichi wote, kunguni alikuwepo. Nilikuwa nimeila maisha yangu yote bila kumtambua. Nilicheka, kisha nikajikuta nimeketi kwenye udongo nikilia kwa sauti, mtu mzima, matope hadi kiunoni. Njaa ilikuwa bado mbali; ingemrudia polepole, wiki baada ya wiki, kwanza kwa vitu vyenye uchungu. Asubuhi hiyo hatukulijua hilo. Nilijua tu kwamba kitu kimoja kutoka duniani kimeingia ndani ya baba yangu.

Nilipofuta macho nilimkuta ameketi ukingoni mwa tuta, fungu la dania amelikumbatia kwa mikono miwili, pua imezama ndani yake. Akatoa uso, akaukunja, akauzamisha tena.

"Baba, si umesema inanuka vibaya?"

"Mbaya sana," akasema kutoka ndani ya majani.

"Sasa?"

Ukungu ulikuwa unamtona kwenye nyusi.

"Nyumba yetu ya kwanza na mama yako ilikuwa na kunguni," akasema. "Kitanda ya kamba. Kila Jumamosi alikuwa anaitoa nje anaimwagia maji moto, hii harufu inapanda mpaka kwa njia. Na yeye anatukana. Alikuwa na mimba yako, tumbo hivi, ameshika sufuria, anatukana kunguni moja moja, mpaka mimi nakaa chini nacheka." Akajipangusa nyusi. "Miaka hii yote nimekuwa nikimtafuta kwa picha. Kwa picha hayuko."

Alivuta pumzi tena, ndefu, macho ameyafumba bila kuambiwa. Kisha akalitazama fungu lile, akalifikicha, akalinusa mara ya mwisho na kuliweka kando, akaninyooshea mkono.

"Niretee ingine," akasema. "Hii imeanza kuisha."